Siku Tatu za Qatar

Katika ukoo wa Githinji, mtu anaweza kukuuliza umri wako, uzito wako na kwa nini hujaolewa, na usikasirike. Kitu kimoja tu hakiulizwi, nacho ni mshahara. Kumuuliza mtu wa ukoo huo anapata ngapi ni kama kumfungulia mlango wa bafu akiwa ndani. Ndiyo maana kila palipokuwa na mchango, uwe wa hospitali, wa karo au wa mabati ya nyumba ya shambani, mkutano uliishia kwa kelele. Walioko Kenya walisema walioko ng'ambo watoe zaidi. Walioko ng'ambo walisema hata huko kuna bili. Wengine walinyamaza wakatafuna njugu mpaka kikao kikafungwa kwa maombi.

Nyawira ndiye aliyemaliza kelele hizo. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye diploma ya uhasibu na ulimi usiozungukazunguka, msimamizi wa akina mama wanaochambua makadamia katika kiwanda kimoja cha Thika. Hakupenda jambo linaloning'inia. Mama yake mzazi alipohitaji upasuaji, Nyawira aliketi na simu yake sebuleni kwake Kiganjo, akatafuta kwenye mtandao mfanyakazi wa kawaida hulipwa ngapi katika kila nchi yenye mtu wao. Kenya. Marekani, alikokuwa ndugu yake Kinuthia akiendesha lori. Qatar, alikokuwa binti yake wa pekee, Janice. Akagawanya kwa siku za kazi, akageuza kuwa shilingi, kisha akaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp:

"Kila mtu atatoa mshahara wa siku tatu. Sio wako, kwa sababu hakuna anayetaka kujua wako. Wa nchi uliko. Kenya elfu sita. Qatar elfu hamsini. Marekani elfu tisini. Mwenye swali aulize sasa, asiulize kesho."

Hakuna aliyeuliza. Kinyanjui, ndugu yake mdogo, mtu wa benki mwenye nyumba ya orofa Membley na magari mawili nje, ndiye aliyejibu kwanza. "Hiyo ni haki kabisa, dada." Akatuma elfu sita zake papo hapo. Kinuthia alituma tisini kutoka barabarani na picha ya lori juu yake. Janice alituma hamsini mwisho wa mwezi, bila picha.

Tangu siku hiyo, hesabu ya Nyawira ikawa sheria. Ilitumika kwa upasuaji, ikatumika kwa mazishi ya mama yao mwaka uliofuata, ikatumika hata kijana wa Kinyanjui alipoenda chuo kikuu na ikaonekana kwamba msomi wa ukoo ni wa ukoo wote. Nyawira aliipenda hesabu yake kama mtu anavyopenda sufuria isiyovuja. Alijua haimpendelei mtu, maana ilimkamata hata mtoto wake mwenyewe.

Mara moja tu Janice alijaribu kusema kitu. Ilikuwa Jumapili, Nyawira akichambua maharagwe, simu ikiwa imeegemezwa kwenye birika.

"Mami, ile ya Qatar..."

"Ile ya Qatar imefanya nini?"

"Nadhani hiyo ni ya wenye nchi. Na wazungu wa mafuta. Sisi wengine..."

"Janice, usianze. Ukijieleza wewe, kesho Kinuthia atajieleza, na keshokutwa turudi kule kwa vita. Uko hoteli kubwa, uko mapokezi, unakula kwao, unalala kwao. Unalipa rent?"

"Hapana."

"Basi."

Nyuma ya Janice ilisikika sauti ya mashine inayozunguka.

"Sawa mami," Janice akasema.

Sawa mami. Nyawira alimsifu binti yake kwa maneno hayo mawili mbele ya watu wengi. Mtoto asiye na longolongo, alisema. Mtoto anayeelewa.

* * *

Janice aliondoka wakati binti yake Emmah ana miaka miwili. Baba ya mtoto hakuwahi kujitokeza, kwa hiyo mtoto alipewa jina la bibi yake mzaa mama, kama desturi ilivyo: Emmah Nyawira. Sasa alikuwa na miaka sita, ameng'oka meno ya mbele, na kwake yeye "mami" alikuwa Nyawira. Mwanamke wa kwenye simu alimwita "tata Janice", kama shangazi. Watu wazima walimsahihisha kwa muda, kisha wakachoka.

Mkataba wa Janice ulimpa likizo moja na tiketi ya ndege kila baada ya miaka miwili. Ya kwanza hakuja. Alisema kampuni imekataa. Nyawira alikasirikia kampuni hiyo wiki nzima, akamaliza, akarudi kazini. Ya pili ilikuwa Agosti ya mwaka huu, na hiyo ndiyo nyumba nzima ilikuwa ikiingoja, lakini hakuna aliyeingoja kama Guka.

Guka, yaani babu, ni Githinji mwenyewe, baba yake Nyawira. Tangu afiwe na mkewe alihamia chumba cha nyuma pale Kiganjo, na miguu ilipoanza kuvimba akawa hatoki tena ila kuketi mlangoni kuota jua. Alikuwa mzee mpole mwenye ukaidi wa mahali pamoja tu. Hakutaka mtu amguse miguu. Kucha zake za miguu zilikuwa nene na ngumu kama pembe, na moja, ya kidole kikubwa cha kushoto, ilikuwa imeota kuingia nyama. Janice ndiye aliyejua kuzikata. Tangu akiwa msichana wa shule alimkalisha Guka kwenye kiti, akamlowesha miguu kwenye karai la maji ya moto yenye chumvi, na kumpigia hadithi za darasani huku mkasi ukifanya kazi. Guka hakuwahi kulia.

"Leta miguu hapa," Nyawira alimwambia mara nyingi. "Zimekuwa kucha za tai hizo."

"Aca, hapana," mzee alijibu. "Janice atakuja kuzikata. Wewe unakata kama unapogoa kahawa."

"Janice yuko Qatar, baba."

"Si anakuja Agosti? Kucha hazina haraka."

Kwa hiyo zilikua. Zilitoboa soksi. Nyawira alinunua soksi nyingine.

Guka alifariki Jumapili ya mwisho wa Julai, watu wakiwa kanisani, akiwa kwenye kiti chake mlangoni na kikombe cha uji miguuni pake hakijamwagika. Emmah ndiye aliyemkuta. Alikuja mbio kumwambia Nyawira getini kwamba Guka amelala na hataki kuamka apishe kuku.

* * *

Kamati ya mazishi ilikaa Jumatatu kwa Kinyanjui, Membley, kwa sababu pale kuna viti vya kutosha. Nyawira alitoka kazini akaenda na aproni yake ndani ya mkoba. Beth, mke wa Kinyanjui, alikuwa amepika chai ya kutosha kanisa zima, na katikati ya meza aliweka simu yenye picha za majeneza.

"Mzee ameishi miaka tisini kasoro," Beth alisema. "Hatuwezi kumweka kwa sanduku la mbao za msonobari, watu watasema nini? Tuangalie hili la mahogani."

"Hilo lina mipini ya dhahabu," Nyawira akasema. "Baba hakuwa na hata kijiko cha dhahabu."

"Ni rangi tu, si dhahabu."

"Na bei ni rangi tu?"

Watu wakacheka. Kinuthia, aliyekuwa akisikiliza kwa spika kutoka Marekani, akadakia: "Dada, wacha mzee aende na swagi! Mimi nimeshatuma yangu. Siku tatu za Marekani, kama kawaida."

"Siku tatu za Kenya ziko ndani," Kinyanjui akasema, kwa kuwa ndiye mweka hazina. "Wote wamelipa. Bado Qatar tu."

Vichwa vikamgeukia Nyawira. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Ilikuwa zamu ya jina lake kutajwa, basi. Hata hivyo alitoa simu upesi, akamwandikia Janice kwamba Qatar inangojewa.

Jibu lilikuja upesi, kana kwamba Janice alikuwa ameshika simu mkononi.

"Mami, likizo yangu naweza kuomba mapema. Nikiomba leo nafika Ijumaa. Mnataka nije ama nitume?"

Nyawira alisoma mara moja. Beth alikuwa akiuliza kuhusu mahema. Mtu mwingine alikuwa akiuliza nani atasoma wasifu. Nyawira hakuona swali lolote pale. Aliona kujivuta. Akaandika:

"Kwani unachagua? Tuma, kisha uje. Wewe ni wa Qatar."

Doti tatu zilicheza kwenye kioo, zikapotea, zikacheza tena.

"Sawa mami."

"Atatuma," Nyawira akawaambia, akarudisha simu mkobani. "Sasa hayo mahema. Tunataka mangapi na kwa nini?"

* * *

Jumatano alipotoka kazini alimkuta mwanamke kijana ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, na begi la kubeba mgongoni kati ya miguu. Alisimama haraka akamsalimia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mama Janice. Mimi ni Wilkister. Nimekaa na Janice chumba kimoja huko. Nilimaliza kandarasi, nimerudi juzi, niko kwa dada yangu Ruiru. Amenipa mzigo wa mtoto." Kisha akainamisha kichwa. "Na pole sana kwa mzee. Tulikuwa tunaambiwa habari zake kila siku. Hata mimi nazijua hizo kucha."

Nyawira alimwingiza, akamwekea chai na mkate. Wilkister alikuwa msichana mkubwa wa mwili, mcheshi, wa kutoka upande wa Kakamega, na mikono yake ilikuwa imechubuka katikati ya vidole kama mikono ya mtu anayefua kwa dawa kali. Nyawira aliona hilo kabla hajaona kitu kingine. Kazini kwake, mikono ndiyo hutazamwa kwanza.

Begi likafunguliwa. Kulikuwa na sabuni ndogo ndogo za hoteli, kofia za plastiki za kuogea, ndara nyeupe za karatasi, na kijifuko kilichoandikwa jina la hoteli chenye tupa, kijimkasi na kikata kucha. Chini kabisa, ndani ya karatasi laini, kulikuwa na gauni la manjano lenye maua kifuani.

Emmah alilinyakua. Lilimwishia mapajani na mabega hayakupita. Alijaribu kulivuta, uzi ukalia, akaliacha lining'inie shingoni kama aproni.

"Ni la mtoto mdogo," akasema, bila kulaumu mtu, akaenda kuwavalisha ndara wanasesere wake.

Wilkister alicheka, kisha akanyamaza alipoona Nyawira hacheki.

"Alinunua kwa kukisia," akasema. "Ile picha ameweka kwa kitanda ni ya zamani, akiwa na miaka mitatu. Mimi nilimwambia, 'Wewe, watoto hukua.' Akasema atanunua kubwa akifika Agosti."

"Si Agosti. Anafika Ijumaa," Nyawira akasema. "Ameomba mapema."

Wilkister aliweka kikombe chini.

"Hamjaongea na yeye leo?"

"Wako kazini saa hizi, simu hukaa kwa kabati. Kuna nini?"

"Mama, mimi sitaki kuingilia mambo ya nyumba ya mtu."

"Umeshaingia, umekunywa chai. Sema."

Wilkister alitazama mlangoni alikokuwa Emmah, akashusha sauti. "Janice haji. Jana amebadilisha tiketi na pesa. Kampuni inakubali hivyo. Ukitaka unaambiwa bei ya tiketi, unapewa mkononi, na likizo anapewa mwingine. Unangoja miaka miwili ingine. Ndivyo alifanya hata ile ya kwanza, wakati wa mazishi ya cucu, bibi yake."

"Ya kwanza kampuni ilikataa."

"Kampuni haikukataa, mama."

Nje, mwendesha boda boda alikuwa akigombana na mteja juu ya shilingi hamsini. Nyawira alisikiliza ugomvi huo mpaka ukaisha, maana alihitaji kusikiliza kitu.

"Mapokezi ya hoteli hulipa ngapi huko?" akauliza hatimaye. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuuliza swali hilo kuhusu mtu wa damu yake.

"Mapokezi sijui. Pale mapokezi wanaweka Wafilipino na Walebanoni. Sisi tuko chini, kwa mashuka. Dobi." Wilkister alinyoosha mikono yake ile iliyochubuka, si kwa kujionyesha, alikuwa anaeleza tu. "Mtu wa mashuka ni riyali elfu moja na mia tatu. Inafika kama elfu arobaini na tano ya hapa. Hiyo ni mwezi."

"Mwezi," Nyawira akasema.

"Mwezi. Ukitoa ya mtoto, na ile ya ajenti tulikuwa tunalipa, unabaki na ya salio la simu."

Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani mwa Nyawira, bila kuombwa. Siku tatu za Qatar zilikuwa elfu hamsini. Mwezi mzima wa mtoto wake ulikuwa arobaini na tano. Alikuwa amemtoza zaidi ya mwezi na kuuita siku tatu. Alikuwa amefanya hivyo kwa upasuaji, kwa mazishi, kwa chuo kikuu cha mtoto wa Membley, na sasa tena.

Kiwandani, akina mama wa mtaa wa mabanda wa Kiandutu hulipwa kwa kilo za laini nzima ya wachambuaji zikigawanywa sawa. Mwaka jana tu meneja alitaka kumfukuza mama mmoja mzee, Syokau, kwa kuwa hakufikisha wastani wa laini. Nyawira alimjibu mbele ya watu: "Hakuna mtu anaitwa Wastani hapa. Nionyeshe kiti chake." Syokau akabaki kazini. Akina mama walilirudia neno hilo miezi mingi, wakilicheka, wakiitana Wastani walipochelewa chai.

"Mbona hakuniambia?" Nyawira akauliza.

"Nilimwambia akwambie. Nikamwambia, 'Mwambie mathe ukweli, hiyo pesa mnaitishwa ni ya waarabu wenyewe.' Akasema wewe ndiye ulipiga hiyo hesabu, na una diploma, haiwezi kuwa na makosa. Akasema kama mtu wa kawaida wa Qatar anapata hiyo, basi shida ni yeye. Ni yeye hajafika kiwango."

Nyawira alisimama, akaenda jikoni, akafungua mfereji, akaufunga. Aliporudi alimpa Wilkister nauli ya Ruiru, na kama mtu aliyesahau lugha yake alisema asante mara tatu.

* * *

Alipiga simu mpaka Janice alipotoka zamu.

"Mami." Uso wake ulikuwa mwembamba kuliko ule wa picha ya mwezi uliopita, au labda Nyawira alikuwa hajautazama. Nyuma yake kulikuwa na lundo la mashuka meupe hadi darini, na ile mashine inayozunguka. "Imefika? Nimemtumia anko Kinyanjui asubuhi."

"Rudisha. Nataka kusema, nitakurudishia. Chukua tiketi uje."

"Ah, mami." Alikuwa ametulia, kama mtu anayemweleza mtoto. "Likizo imeshapewa msichana wa Uganda. Amepanga na watu wake. Siwezi kumnyang'anya."

"Nitaongea na mkubwa wenu."

"Mkubwa wetu utaongea naye Kiswahili?"

Wakacheka wote wawili, na kicheko kikamkata Nyawira vibaya kuliko kilio.

"Ulipaswa kuniambia uko kwa mashuka."

"Ulikuwa umeshaambia kanisa niko mapokezi," Janice akasema. Hakusema kwa hasira. "Na nilikuuliza, mami. Nije ama nitume."

Kwa mara ya kwanza, aliyesema "Sawa" alikuwa Nyawira.

Alhamisi kamati ilikaa tena Membley. Kinyanjui alisoma jumla, akasema Qatar imeingia yote, Mungu ambariki huyo mtoto, na Beth akasema lile jeneza la mahogani limelipiwa na litafika mochari Jumamosi asubuhi. Watu wakapiga makofi. Nyawira aliwangoja wamalize.

"Kinyanjui," akasema, "unapata ngapi kwa mwezi?"

Njugu ziliacha kutafunwa.

"Dada?"

"Swali ni fupi. Mimi napata elfu thelathini na nane. Janice anapata arobaini na tano, anafua mashuka ya wageni, na ametoa hamsini ili mpige makofi. Ameuza tiketi yake ya kuja kumzika guka yake. Ya kwanza aliiuza kwa sababu ya mama. Sasa wewe, mwenye elfu sita, unapata ngapi?"

Kinyanjui akamtazama mkewe. Beth alikuwa akitazama chai yake. Kwenye spika, mlio wa lori la Kinuthia ulisikika ukipungua, kama mtu aliyesogea kando ya barabara.

"Hesabu ni yako, Nyawira," Kinyanjui akasema mwishowe, polepole. "Wewe ndiye ulituletea."

"Najua ni yangu," Nyawira akasema. "Ndiyo maana nimesimama."

Wakaahidi mengi jioni hiyo. Walisema watamrudishia mtoto pesa, kila mtu atoe kitu, na Kinyanjui akatoa kiasi ambacho hakukitaja kwa sauti, na kilikuwa kikubwa. Kinuthia alisema yeye atanunua tiketi kamili. Nyawira aliwashukuru, kwa maana walimaanisha. Lakini hakuna aliyeweza kununua likizo, wala kuahirisha Jumamosi.

* * *

Jumamosi asubuhi familia ilifika mochari ya Thika kumvalisha mzee kabla ya safari ya shambani, upande wa Gatanga. Wanaume walimvalisha suti. Alipendeza, mdogo kuliko alivyokuwa. Jeneza lilikuwa kando, limefunguliwa, likimeremeta kama meza ya benki.

"Soksi," Beth akasema, akinyoosha jozi mpya.

"Ngoja," Nyawira akasema. "Naomba mniachie dakika chache."

Wakatoka. Mhudumu wa mochari, mzee mwenye gambuti za mpira, alimtazama akitoa thermosi ya maji ya moto, kitambaa na karai dogo la plastiki kutoka mkobani. Alimsogezea kiti.

Nyawira aliegemeza simu kwenye ukingo wa jeneza, akapiga. Janice alipokea mlio wa kwanza. Alikuwa amesimama mahali pale pale, mbele ya mashuka, na yunifomu yake ya kijivu imefungwa hadi shingoni. Alikuwa ameomba nusu saa.

"Unamwona?" Nyawira akauliza.

"Namwona." Kisha: "Amekonda."

Nyawira alilowesha kitambaa akaifunga miguu ya baba yake. Alijua haitalainika kama ya mtu aliye hai, lakini aliifunga hivyo hivyo, kama alivyomwona Janice akifanya miaka ile. Akatoa kile kijifuko cha hoteli. Kikata kucha kilikuwa kidogo, cha kuchezea, na ukucha wa kwanza ulikishinda. Alibonyeza kwa mikono miwili. Ukakatika kwa sauti, ukaruka sakafuni.

"Usikate moja kwa moja, mami. Anza pembeni."

"Nimeanza pembeni."

"Pole pole."

Alikwenda kidole kwa kidole. Mikono yake, iliyochambua makadamia miaka ishirini na kuona ubovu kabla ya jicho, ilikuwa mizito kama ya mtu mwingine. Janice alimwelekeza kila kimoja, sauti ikiwa chini, na katikati alianza kumsimulia Guka habari. Kuhusu msichana wa Uganda aliyeenda likizo. Kuhusu mgeni aliyesahau meno yake ndani ya foronya. Nyawira aliendelea kukata bila kuinua kichwa, maana kama angeinua asingeweza kumaliza.

Kikabaki kidole kikubwa cha kushoto, kile ambacho ukucha uliota ndani. Akakishika.

"Hapo taratibu, mami," Janice akasema haraka, akisogeza uso karibu na simu, na mkono wake ukainuka kama wa kumzuia. "Taratibu sana. Hicho huwa kinamuuma."

Nyawira akapuliza kidogo kwenye kidole hicho baridi, kama mtu anavyompulizia mtoto jeraha, akaanza pembeni.